Mwiko wa Ami Nassor

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile aliyoshuka mtu mmoja kwenye gari la Dar, akaja moja kwa moja mpaka barazani petu, akaniuliza jina langu. Nilikuwa nimekaa pale nachambua misumari ya dukani na kuitia kwenye makopo. Nikamwambia, "Naitwa Nassor." Akanitazama kwa jicho moja, maana la pili lilikuwa limeingia ukungu, akasema, "Na mimi vilevile." Kisha akajitupa barazani, akalaza mapajani kitu kirefu kilichoviringishwa kwenye shuka.

Nitarudi kwake. Kwanza sogea hapa nikutazame. Begi lako nimeliona nyuma ya mlango, na vile viatu vyako vya besiboli umevifunga kamba juu yake. Ugomvi wako na mama yako nao nimeusikia, na si mimi peke yangu, nadhani umesikika mpaka Mbegani. Umeniambia unataka kuondoka kesho alfajiri kabla hajaamka, kwa sababu amekugombeza mbele ya wenzako waliokuja kukupongeza. Haya. Umechaguliwa kwenda ng'ambo kujaribiwa na watu wanaolipa mshahara kwa mchezo huo, na mimi babu yako nimefurahi mpaka machozi yalinitoka, usidhani sikufurahi. Lakini gari lako ni la kesho na masikio yako ni ya leo, kwa hiyo utakaa unisikilize mpaka nimalize.

Wewe unadhani ndiye mpigaji wa kwanza katika ukoo huu? Thubutu! Kabla mwalimu wenu hajaleta magongo na glovu shuleni, kabla mama yako hajazaliwa, alikuwapo mtu wa damu yetu aliyekula na kuvaa kwa kazi hiyohiyo. Nijuavyo mimi, ndiye wa mwanzo katika pwani hii kulipwa kwa kusimama na gongo mkononi akingoja mpira. Alikuwa Ami Nassor, mdogo wake baba yangu. Mimi nimepewa jina lake, na nilipewa kwa sababu watu wote walijua kwamba amekufa.

Nyumba yetu ilikuwa ya biashara, kama unavyojua. Mababu walitoka Omani, wakafungua duka la kamba, misumari na vitambaa, na mtaa mzima ulimjua bibi yangu, Bi Zuwena, mama yake baba na mama yake Ami. Lakini hawakumjua kwa duka. Walimjua kwa mwiko. Alikuwa na mwiko wa kupikia pilau ya harusi, aliourithi kwa mama yake, ukiusimamisha chini unamfika mtu mzima kifuani. Hapakuwa na harusi mtaani petu iliyopikwa bila mwiko huo. Hata watu wa Mlingotini walikuja kuuazima, na Bibi aliutoa kwa Bismillahi na kuupokea kwa Alhamdulillahi, umeoshwa, umepakwa mafuta.

Sasa huyo Ami yangu, tangu mtoto, alikuwa na maradhi ya kupiga vitu. Ndimu, embe changa, kokwa, chochote kinachorushwa yeye alitaka kukipiga kwa kijiti. Hapakuwa na besiboli wakati ule, hapakuwa na jina la mchezo. Ilikuwa ni raha yake tu. Akakua, akaota ndevu, na maradhi hayakumtoka. Basi siku moja, jioni ya kuamkia harusi ya jirani, wenzake wakamtia ujinga: wewe mbabe wa ndimu, hebu tuone kama unaweza kwa kitu kirefu. Akaingia jikoni akautwaa mwiko wa mama yake. Ndimu ya kwanza ilipaa ikavuka paa. Alipoifuata ya pili akaikosa, mwiko ukagonga nguzo ya uani ukavunjika vipande viwili.

Na akina mama waliokuja kuuchukua wako mlangoni, wamesimama, wanatazama.

Bibi alimgombeza, mwanangu. Alimgombeza mbele ya wenzake na mbele ya wanawake wote wale. "Mwanamume mzima, ndevu kidevuni, akili za kuku! Baa gani hili nililolizaa? Ondoka hapa, nisiuone uso wako!" Maneno ya mama mwenye hasira ni kama moshi wa jikoni, yanawasha macho, lakini ndiko chakula kinakotoka. Ami hakulijua hilo. Alilolijua ni kwamba wenzake walikuwa wanacheka. Kulipopambazuka akaondoka kimyakimya mpaka Dar, akapata kazi ya kusugua sitaha kwenye meli ya mizigo, akaenda zake.

Hakuaga. Nataka ulisikie neno hilo vizuri. Kwetu sisi, safari haianzi stendi wala uwanja wa ndege. Safari inaanza pale unapoinama mbele ya mama yako, ukambusu mkono, ukamwambia nipe radhi, naye akakushika kichwa, akakusomea, akakupulizia. Ukiyaruka hayo, hata ukifika, huwi umefika.

Ukapita muda, akaja baharia mmoja wa Mlingotini. Meli aliyopanda Ami imezama huko mbali, akasema, na yeye mwenyewe baharia alikuwamo, ameokolewa na wavuvi. Nassor hakumwona tena. Basi. Watu wakafanya nini? Wakaweka matanga, wakamswalia sala ya ghaibu, wakamsomea hitma. Baada ya hayo nikazaliwa mimi, baba yangu akaniita Nassor ili mama yake apate wa kumwita.

Nimelelewa na Bibi huyo. Na ninakuapia kwa Mungu, hakuwahi kunigombeza hata siku moja. Nilivunja bilauri za wageni, akaniuliza kama sikujikata. Nilitoroka chuo cha Kurani, mwalimu akanifuata na bakora, Bibi akasimama katikati akaniambia kwa sauti ya kubembeleza, "Nenda basi, baba, nenda ukasome." Wenzangu walinionea wivu. Mimi mwenyewe nilidhani nimebahatika. Kitu kimoja tu kilikuwa hakiguswi katika nyumba ile: vile vipande viwili vya mwiko, alivyovitundika kwa misumari ukutani jikoni, juu ya mafiga. Nilikuwa nikivitazama tangu sijui kusema, na sikujua habari yake.

Haya, turudi barazani. Mtu yule amekaa, baba yangu akatoka dukani kuona nani, akapiga ukelele ambao sijausikia tena kwa mwanamume. Wakakumbatiana, wanalia. Mimi nimesimama na kopo la misumari, naona mtu mwenye jina langu amefufuka. Bibi akasikia kelele, akatoka, ameshika kizingiti. Ami akapiga magoti pale mchangani.

"Shikamoo, mama."

Bibi alimtazama lile jicho lenye ukungu. Kisha akasema, kwa ile sauti ya kubembeleza, "Marahaba. Karibu, mgeni wetu." Akanigeukia. "Nassor, mletee mgeni maji ya kunawa."

Baba akasema, "Mama! Ni Nassor huyu!"

"Nassor wangu nimemsomea hitma," Bibi akasema. "Huyu ni mgeni. Na mgeni apewe heshima yake."

Na heshima alipewa, mwanangu! Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini Bibi hakumpa jembe. Miezi ikapita, Ami yuko vilevile, mgeni. Sisi tulikula uani, tumezunguka sinia moja, tunagombania minofu. Yeye aliletewa chakula chake barazani kwenye sahani ya kaure, imefunikwa kawa, na birika, na beseni, na taulo jeupe. Mbebaji nilikuwa mimi. Kila asubuhi alimwamkia mama yake, naye alimjibu, "Marahaba, umeamkaje, mgeni wetu? Umelala vizuri? Mbu hawakukusumbua?" Ungesikia kutoka nje ungesema, ama kweli huyu ana bahati. Nilikuwa nikimwona anavyoitazama ile sahani ya kaure. Alikula kama anameza mchanga.

Watu mtaani walinong'ona kwamba Bi Zuwena ana moyo mgumu. Baba yangu alimsihi mama yake, akatuma na wazee wamsihi. Bibi akawapikia kahawa wote, akawashukuru, wakaondoka.

Katika kupeleka na kurudisha sahani, mimi na Ami tukazoeana. Aliniita somo, kwa kuwa jina letu ni moja. Huko barazani ndiko aliponisimulia maisha yake, na huko ndiko alipoifungua ile shuka. Ndani mlikuwa na gongo, jembamba mshikoni, nene mwishoni, limepigwa msasa mpaka linang'aa, lina alama za mipira mwili mzima. Wewe unayajua magongo, lakini mimi sikuwahi kuona kitu kama kile. Nililishika nikahisi linataka kwenda lenyewe.

Alinieleza kwamba meli yao ilitia nanga kwenye bandari moja ya Meksiko. Akashuka kununua matunda, akakuta vijana uwanjani, mmoja anarusha mpira, mwingine ana gongo, anauchapa. Akasimama pale akasahau matunda na meli. Akawaomba kwa ishara wampe na yeye. Wakacheka, wakampa. Na yeye akaupiga mpira ule ukavuka uzio, wakamrushia mwingine. Siku hiyo hakurudi melini. Kumbe ndivyo Mola alivyomwokoa, maana meli ile ilikuwa ndiyo inakwenda kuzama.

Wenye kiwanda cha sukari wakamwajiri, kwa jina ni mfanyakazi wa kiwanda, kwa kweli ni mpigaji wa timu yao. Halafu ikaja timu ya mjini, ikamchukua kwa mshahara wake kamili. Akanunua suti, akala vizuri, picha yake ikabandikwa kwenye kuta. Jina lake hawakuliweza ulimini, wakamwita Afrika. Uwanja mzima unasimama, "Afrika! Afrika!" Aliniigizia sauti zao pale barazani, mikono juu, halafu mikono ikashuka.

"Na kuandika nyumbani je, Ami?" nilimuuliza.

"Nilisema nitarudi na jina," akasema. "Kwanza sikuwa nalo, nikaona haya. Nilipolipata nikasema ngoja niongeze kidogo. Haya ndugu yake ni ahadi, somo. Zote mbili zinakwambia kesho."

Alinifundisha kupiga. Alinirushia ndimu kwenye kiwanja nyuma ya duka, mimi na gongo lake, nakosa, nakosa, mpaka siku moja nikalitupa chini kwa hasira. Ndipo aliponishika bega. Akaniambia kwamba katika mchezo ule, mpigaji aliye bora kuliko wote anakosa mara nyingi zaidi kuliko anavyopata. Anatoka mbele ya maelfu ya watu, anashindwa, anarudi kukaa kwenye benchi na wenzake. "Kazi si kutokukosa," akasema. "Kazi ni kurudi benchi ukakaa, ukajua kwamba zamu yako itakuja tena. Mimi nilikosa nyumbani mara moja tu, nikakataa kurudi kukaa." Nililiokota lile gongo nikalifuta kwa kanzu yangu. Maneno yale sikuyaelewa siku hiyo, nilikuwa na miaka yako.

Jicho lake lilikwisha kwa mpira. Aliyerusha hakukusudia, mpira ulimponyoka ukampata hapa, chini ya nyusi. Na mpigaji asiyeona vizuri ni sawa na mshona nguo asiye na vidole. Msimu ule ule picha zake zikabanduliwa, wakabandika za mwingine. Akakaa kwenye chumba cha kupanga, hakuna aliyebisha hodi. "Walinishangilia, wakanizomea pia," akaniambia. "Lakini katika nchi nzima ile, somo, sikuwa na mtu hata mmoja wa kunigombeza." Hapo akalia, na mimi nikalia naye, kwa kuwa sikujua la kufanya. Mcheza kwao hutuzwa, mwanangu. Yeye alichezea kwa watu, na mchezo ulipokwisha hakuwa wa mtu.

Sasa sikiliza ilivyokuwa. Siku moja sikuwapo, baba alikuwa amenituma Lugoba kwa mzigo wa mahindi, na Ami akaona aibu kumwachia mama yake kazi ya kuja kuchukua vyombo. Akavibeba mwenyewe mpaka jikoni. Mgeni haingii jikoni, unajua. Bibi alikuwa uani anaanika nguo. Ami akaingia, akainua macho, akakiona kile alichokivunja kimetundikwa ukutani juu ya mafiga, kimepakwa mafuta, kinang'aa.

Niliporudi nilimkuta barazani uso umebadilika. Akaniuliza vile vipande vipo pale tangu lini. Nikamwambia tangu nizaliwe navikuta, na Bibi huvipaka mafuta kila Ijumaa. Alfajiri yake, baada ya sala, akalitwaa gongo, akaniambia, "Twende kwa fundi."

Fundi tuliyemwendea ni yule aliyekuwa akichonga milango, mzee mmoja mkali wa maneno machache. Ami akalaza gongo mbele yake, akasema, "Nataka mwiko."

Fundi akaligeuza, akaligonga kwa kucha, akasema mti huu hautoki nchi yetu, ni mti mzuri, kwa nini auharibu. Mimi nikaanza kumsihi. Mwanangu, nilimsihi kama unavyomsihi mtu asijitupe kisimani. Nilimwambia, Ami, huna kitu kingine. Huna picha, huna fedha, huna ushahidi wowote kwamba ulikuwa mtu. Ukilikata hili nani ataamini?

Ami akanitazama kwa lile jicho lake moja. "Sitaki kuaminiwa," akasema. "Nataka kuingia uani." Akamgeukia fundi. "Kata."

Niligeuka upande wa pili msumeno ulipoanza. Fundi alilipasua lile tumbo nene la gongo, akalichonga likawa bapa, akalipiga tezo, akalipiga msasa. Zile alama za mipira zikatoka na mabanzi, zikaanguka miguuni petu. Mshiko akauacha ulivyo. Nilikusanya mabanzi machache nikayatia mfukoni, nikayatupa njiani kwa kuwa yalinichoma moyo.

Tukarudi. Bibi alikuwa uani na akina mama wa jirani, wanachambua mchele wa harusi, maana harusi haikosi. Ami hakubisha hodi kama mgeni. Akaingia mpaka kati ya wanawake, akapiga magoti, akamwekea mama yake mwiko mapajani kwa mikono miwili.

"Mwiko wako, mama," akasema. "Nimechelewa kuuleta."

Bibi akaushika. Akaupima kwa mkono, kiganja mpaka kiwiko. Akaupindua, akatazama upana wa ncha yake. Akafungua mdomo, nikadhani atasema, ahsante, mgeni wetu. Niliomba Mungu asiseme hivyo, maana nilijua yule bwana hataweza kuamka pale.

"Mfupi," Bibi akasema.

Halafu sauti yake ikapanda, sauti ambayo sikuwahi kuisikia tangu nizaliwe. "Mfupi! Na mwembamba! Mwiko gani huu? Sufuria la harusi hulijui kina chake? Unataka nichome mikono yangu? Nassor! Unanivunjia mwiko wa mama yangu, unaondoka bila kuaga, bila kuaga mtoto wewe, unaniacha nakusomea hitma, leo unaniletea kijiti cha kukorogea uji! Huna haya? Nassor! Nasema na wewe, Nassor! Akili zako bado za kuku na mvi hizo kichwani!"

Na Ami, lile jitu zima, ameinamisha uso kwenye kanga ya mama yake, mabega yanamtikisika, anasema, "Ndiyo, mama. Ndiyo. Nigombeze, mama." Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwita kwa jina lake tangu aondoke nyumbani, ukimtoa kaka yake. Uwanja mzima wa Meksiko ulimwita Afrika, na mama yake alimwita mgeni.

Bibi alipoishiwa na pumzi akamshika kichwa. Hapo ndipo alipotoa lile alilolificha, na sote tulilisikia. Akasema, "Neno la mwisho nililokwambia lilikuwa usinionyeshe uso wako. Wakaja wakaniambia umekufa. Nikaapa kwamba sitamgombeza mtu tena maishani mwangu. Uliporudi niliogopa, mwanangu. Nilisema nikimwita Nassor nitamgombeza, na nikimgombeza ataondoka tena." Kumbe hakuwa na moyo mgumu hata chembe. Alikuwa mama mwenye hofu, na hofu yake ilivaa nguo za adabu.

Mchana ule sahani ya kaure nilikuwa nimekwisha kuipanga. Bibi akaichukua mkononi mwangu akairudisha kabatini. Akasema, "Nassor, sogea sinia linakupita." Tukasogea wote wawili, akacheka, na sisi tukacheka. Nilimwona Ami anavyouchovya mkono kwenye wali ule. Sijaona mtu anakula vile.

Waliishi pamoja miaka ya kutosha kugombana vizuri. Kila siku tulisikia, Nassor umeacha mlango wazi, Nassor viatu vyako vina matope, na yeye anaitika, naam mama, anatabasamu. Mungu alipomchukua Bibi, ilipofika kumshusha kaburini wakaitwa maharimu wake, wanaume wa damu yake, akashuka baba yangu, akashuka na Ami, akampokea mama yake kwa mikono ileile. Yeye naye amekwisha kwenda, na hapa mjini hakuna anayejua kwamba alikuwa mpigaji. Walimjua kama Nassor wa Mwiko. Mwiko wenyewe umepika harusi zisizo na idadi, na wapishi wote wanaulalamikia kwamba ni mfupi, wanaungua vidole, na wote wanarudi kuuazima.

Sasa neno langu kwako, mwanangu, na ulishike. Nenda ukapige mpira. Mchezo ni kazi kama kazi nyingine na sikuoni mdogo kwa hilo. Watakushangilia, pokea. Watakuzomea, pokea. Lakini watu wa uwanjani wanaijua mikono yako tu. Atakayekufokea kwa sababu ya tabia yako, hadi mishipa ya shingo imsimame, ni yule anayekuona wake. Uogope siku mama yako atakapokwambia karibu kwa sauti laini, akakuletea taulo jeupe. Na ukikosa, kama utakavyokosa mara nyingi, usikimbie benchi. Radhi ni bora kuliko mali, na radhi haiombwi kwa barua wala kwa simu kutoka uwanja wa ndege wakati mlango wake ulikuwa hatua chache kutoka kitandani kwako.

Mama yako hakukwambia, kwa kuwa hamsemezani. Asubuhi alinijia hapa macho mekundu, akaniomba mwiko. Amewaalika majirani baada ya Alasiri waje wakusomee dua ya safari, na anawapikia pilau. Nilimwambia mwiko ataletewa.

Mwenyezi Mungu akupe jicho zima na mkono mwepesi. Akukinge na mpira usiokusudiwa na sifa zisizokujua. Akufikishe salama, akupe riziki ya halali, na kila utakapokwenda akuachie njia ya kurudi iwe wazi, na mwenye kukungoja awe hai. Amin.

Huu hapa, shika. Mpelekee kwa mikono miwili. Atakugombeza kwamba umechelewa na sufuria liko motoni. Usimjibu, mwanangu. Sema, naam, mama.